Mvua Yenu

Kama ningekataa siku ile ofisini kwetu Utemini, hapa mjini, leo ningekuwa mzee mwingine. Sikukataa.

Nilikuwa wakala wa bima ya mazao, na meneja wangu alikuwa kijana aliyeletwa kutoka Dar es Salaam kutusimamia. Jana yake tulikuwa wote kwenye mkutano wa wakulima. Aliegemea meza yangu, kikombe cha chai mkononi, akaniambia kwa upole kabisa:

"Mzee wangu, jana ulianza vizuri sana. Watu wanacheka, wanataka kujiandikisha. Halafu ukaileta ile sentensi."

"Sentensi gani?"

"Ile ya eneo zima. Nikaona wazee wanachukua baiskeli zao."

Kweli, walikuwa wamechukua baiskeli zao.

"Kuanzia sasa iache. Sema tu: mvua yenu ikikosa, mtalipwa. Mengine yamo kwenye mkataba, anayetaka atasoma."

Nikamjibu, "Sawa, bosi."

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii sasa, na vishikwambi vyenu na fulana zenye nembo, naomba mnisikilize kuhusu sentensi hiyo. Ilikuwa inasema hivi: mvua tunayoipima siyo ile inayoanguka kwenye shamba lako, ni ile ambayo setilaiti inaiona juu ya eneo zima unalolima, na kama eneo lile limenyeshewa kwa jumla na shamba lako likakauka, hulipwi. Ni sentensi ndefu. Ni mbaya mdomoni. Ukiisema mbele ya watu walioacha kazi zao kuja kukusikiliza, nyuso zinabadilika. Lakini bima yote ilikuwa mle ndani. Yaliyobaki, ucheshi wangu, mifano yangu ya kuku na mbuzi, yalikuwa mapambo.

Msidhani nilikuwa sijui uzito wake. Nilifundishwa kazi na mtu aliyejua.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa karani kwenye kiwanda cha kukamua alizeti. Kiwanda kikafungwa, nikazunguka mjini bila kazi mpaka Bi Zaituni aliponichukua. Bi Zaituni alikuwa wa familia ya wafanyabiashara wa hapa mjini, na alikuwa na duka la vitenge. Kwenye kona ya duka aliweka meza ya uwakala wa bima za magari na pikipiki. Mimi nikakaa kwenye kona ile. Mteja wangu wa kwanza kunitia adabu alikuwa dereva wa bodaboda. Nilimuuzia bima ndogo kabisa, ile ya kumlipa mtu unayemgonga. Baada ya muda akarudi anakimbia.

"Pikipiki imeibiwa! Nilipe!"

"Ndugu, bima yako siyo ya wizi. Ni ya kumgonga mtu."

"Sasa nimgonge nani, na pikipiki imeibiwa?"

Wateja wa vitenge walicheka mpaka wakashika mbavu. Bi Zaituni hakucheka. Yule kijana alipoondoka analia, aliniita.

"Siku ile ulimwambia nini?"

"Nilimweleza yote, mama. Nikamuuliza kama ameelewa. Akasema ndiyo."

"Usimuulize mtu kama ameelewa. Nani atakubali mbele za watu kwamba hajaelewa? Mwambie akueleze yeye, wewe usikilize. Akikosea, rudia. Akikosea tena, kosa ni lako."

Kisha akaongeza neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Hiyo 'ndiyo' ya mbele za watu ni salamu tu. Mtu anaitikia kwa adabu, kama anavyoitikia marahaba."

Mmewahi kuisikia, hata kama hamkuitilia maanani. Mtu anasimama mbele, anauliza, "Tumeelewana?" na watu wote kwa pamoja, "Ndiyooo!" Hata aliyekuwa amesinzia anaitikia. Nimeshaisikia ile ndiyo ikiitikiwa kabla mzungumzaji hajamaliza swali.

Bima ya mazao ilipokuja huku kwetu niliifurahia. Naomba mniamini katika hilo. Mimi ni mtoto wa mkulima wa upande wa Ikungi, najua mtu anavyolala mwezi wa pili mvua ikisita na alizeti ndiyo kwanza inataka kutoa maua. Kusikia kwamba kuna mpango ambao mwaka ukiharibika mkulima atapata angalau mbegu na chakula cha kuanzia tena, niliona ni jambo la heri. Bado naona hivyo. Yupo mama mmoja mjane aliyelipwa mwaka ambao kila kitu kiliungua, akasomesha mtoto na kupanda tena bila kuuza hata kuku. Nilihudhuria mahafali ya binti yake. Kwa hiyo msinichukulie kama mtu anayewaambia bima ni utapeli.

Na ilikuwa kazi yenye raha zake. Kulikuwa na mzee aliyeninyanyukia mkutanoni akiwa ameshika fimbo.

"Mvua ikinyesha vizuri, hela yangu mnanirudishia?"

"Hapana, mzee. Hiyo ni bima, siyo akiba."

"Kwa hiyo nimelipia jua, nikaletewa mvua."

"Ndiyo."

"Nimepunjwa!"

Mnajua pia kwamba huku kwetu mvua ikichelewa, wa kwanza kutazamwa ni wafyatua matofali. Watu wanasema wameifunga mvua ili matofali yao yakauke. Sasa fikiria mtu anayepita kijijini akitangaza kwamba jua likiwaka kuna watu watalipwa. Kijiji kimoja walinizingira. Wengine wakasema walioweka bima ndio wanaofunga mvua ili wapate fidia. Bibi mmoja akawakatalia: kampuni inapata hasara mvua ikikosa, basi kampuni ndiyo inayoileta, tuishukuru. Mimi nikawaambia, "Jamani, hata kamba ya mbuzi sijui kuifunga vizuri, nitafunga mvua?" Wakacheka, wakaniachia. Toka hapo wakaniita Bwana Mvua. Nililipenda jina lile. Nilijibu nikiitwa.

Bwana Mvua ndiye aliyekwenda kijijini kwetu nilikozaliwa kufanya mkutano, baada ya ile "sawa, bosi".

Hapo lazima niwaeleze juu ya kaka yangu Ntandu. Tulikuwa wawili tu kwa mama yetu. Baba alipofariki, mmoja alitakiwa abaki na ng'ombe na mwingine aliweza kwenda sekondari. Ntandu ndiye mkubwa, ndiye angestahili, lakini alisema mimi ndiye mwenye kichwa cha vitabu. Alibaki. Alilima, aliuza mbuzi kila muhula ili anilipie ada, na alipokuwa mtu mzima watu pale kijijini wakawa wanasubiri aseme yeye kwanza. Mimi na yeye tulizungumza Kinyaturu siku zote. Kiswahili kwetu kilikuwa cha shuleni, cha mtendaji wa kijiji, cha mtu aliyekuja na gari. Nyumbani hatukukitumia hata kugombana.

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala la chama cha ushirika. Nilisimama, nikachekesha, nikafika mahali pa ile sentensi. Nikairuka. Nikasema, "Mvua yenu ikikosa, mtalipwa."

Jirani wa kaka, mama Elizabeti, akanyoosha mkono.

"Mvua yetu ni ipi? Maana hapa kuna siku inanyesha pale nyuma ya kilima mpaka vyura wanaimba, na sisi huku tunakula vumbi."

Vijana, hilo lilikuwa swali lenyewe. Nilikuwa nimeachiwa mlango wazi. Ningeweza kuisema ile sentensi pale pale, na meneja hakuwepo kunizuia. Mimi nikafungua mikono yangu kama mtu wa jukwaani.

"Mama, mvua yenu ni mvua yenu!"

Wakapiga makofi. Nikauliza, "Tumeelewana?"

"Ndiyooo!"

Bado kulikuwa na kusita. Watu walitazamana, wakatazama chini. Ndipo kaka akasimama. Alizungumza Kinyaturu, taratibu, kofia mkononi. Alisema: "Mimi bima siijui. Huyu ninamjua. Huyu ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, hawezi kuja kutudanganya hapa." Akaketi. Walijiandikisha mpaka fomu zikaniishia.

Kilichofuata sikukitarajia, na hapa ndipo mjifunze kwamba bima hubadilisha hata kinachopandwa. Kwetu mkulima hapandi alizeti peke yake. Anatenga sehemu ya uwele au mtama, kwa sababu uwele unavumilia jua, na mwaka mbaya angalau ugali wa uwele na mlenda haukosekani. Mwaka ule kaka aliwaambia wenzake, "Tuna bima. Uwele upumzike, tulime alizeti yote." Alizeti ndiyo yenye soko. Wakamfuata. Alinipigia simu kunipa habari hiyo kwa furaha, nami nikamwambia, "Hapo umefikiri kama msomi."

Mvua zilianza vizuri. Kisha upande wa kwao zikakata, wakati nyuma ya kilima ziliendelea. Kaka alikuwa anapiga simu huku anatania: "Bwana Mvua, lile jua lenu tulilolipia limefika." Alikuwa hana hofu. Aliwatuliza na majirani: subirini, mdogo wangu yupo.

Ujumbe wa kampuni ulipoingia kwenye simu zao ulikuwa mfupi. Kiwango cha mvua katika eneo lenu kimetosha. Msimu huu hakuna fidia.

Nilikwenda kwa meneja kwanza. Nikamwambia shamba zima limekauka, nimeambiwa na kaka yangu. Akafungua kompyuta yake, akanionyesha eneo letu kwenye ramani, lote rangi ya kijani.

"Eneo limenyeshewa, mzee. Mkataba uko wazi."

"Lakini wewe ndiye uliyeniambia niseme mvua yenu."

Akanitazama, wala hakukasirika. "Mimi nilikushauri. Aliyesema ni wewe."

Nimelifikiria jibu lile miaka mingi nikitafuta pa kulivunja. Sijapata. Nilikuwa namzidi umri, nilikuwa na Bi Zaituni kichwani, na nilikuwa nawajua wale watu kwa majina. Yeye alikuwa hawajui. Mimi ndiye niliyekuwa na sababu zote za kukataa.

Nilimkuta kaka shambani. Vichwa vya alizeti vilikuwa vidogo kama kiganja cha mtoto, vimeinama, na ukivigusa vinatoa sauti kama karatasi. Nyuma ya kilima wingu lilikuwa limekaa, jeusi, mvua inaonekana kabisa inashuka kule. Akanyoosha mkono kuelekea kule.

"Ile ni mvua ya nani?" aliniuliza kwa Kinyaturu.

Nikaisema ile sentensi. Nilimweleza eneo zima, setilaiti, wastani. Niliisema vizuri kuliko nilivyowahi kuisema mkutanoni. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Maneno haya, siku ile pale ghalani ulikuwa unayajua?"

"Nilikuwa nayajua, kaka."

"Na mama Elizabeti alipokuuliza?"

"Nilikuwa nayajua."

Alivunja bua moja la alizeti, akalitazama ndani, akalitupa. Halafu akaniambia kwa Kiswahili, sauti ile ile anayotumia na watu wa ofisini: "Sawa, bwana. Nashukuru kwa kufika."

Nilimjibu kwa Kinyaturu. Alikuwa ameshaanza kutembea.

Sasa nitawaambia alichofanya, kwa sababu mimi sikukifanya. Alifungua kihenge chake, akagawa uwele wa mwaka uliotangulia kwa wale waliomfuata, mama Elizabeti wa kwanza. Ulipokwisha akauza maksai, wale waliokuwa wakilima mashamba ya nyumba nyingi pale, akanunua chakula akagawa tena. Hakuna aliyemlazimisha. Nilimpelekea nilichokuwa nacho, akanirudishia kwa mkono wa yule yule niliyemtuma, pamoja na ujumbe kwamba huo ni mshahara wangu. Na baadhi ya watu, baada ya kula chakula chake, walimtania. Akipita kilabuni, mtu anapaza sauti: "Mdhamini! Leo itanyesha?" Walimpa jina hilo, Mdhamini wa Mvua. Mimi niliyeharibu nilikuwa nakaa mjini, Mandewa, kwenye nyumba ya bati, siitwi chochote.

Mtu aliyezoea kusema wa kwanza hawezi kuishi akiitwa hivyo. Bila maksai hakuweza kulima kwa wakati pia. Mwaka uliofuata alifunga nyumba ya baba, akahamia Mitundu kule Itigi, kufungua shamba jipya porini katika umri ambao mtu anatakiwa kuketi na kulishwa na wanawe.

Niliendelea na kazi mpaka nilipostaafu, na nikabadilika. Labda hapa kuna kitu kitawafaa. Niliacha kuzungumza nimesimama. Nilichukua jivu nikachora eneo chini, kubwa, watu wote wazunguke. Ndani nikaweka maharage, kila harage ni shamba la mtu, nikimwita kwa jina aje aliweke mwenyewe. Kisha nachovya mkono kwenye maji nikarushia upande mmoja tu. Maharage ya huku yanalowa, ya kule yanabaki makavu. Ndipo nauliza mwenye harage kavu: "Wewe utalipwa?" Anasema ndiyo, kwa sababu limekauka. Namwambia aangalie tena eneo lote ndani ya jivu limelowa kiasi gani. Mabishano yanaanza. Yaacheni yaendelee. Yale mabishano ndiyo kazi yenyewe, na mtu akiondoka pale na baiskeli yake, ameondoka akiwa anajua. Nawaambia pia, kabla ya kitu kingine chochote: usiache uwele wako.

Siku hizi mambo yamekuwa afadhali. Maeneo wanayoyapima ni madogo zaidi, na sehemu nyingine watu wanatumwa kwenda kuangalia mazao yenyewe shambani. Lakini hata eneo likiwa dogo vipi, lina mpaka, na kuna harage lililo karibu na mpaka. Ukikutana na meneja anayekwambia uache sentensi moja, mwulize kwa nini hiyo. Watu huacha sentensi ile tu ambayo ndiyo inayouma. Wateja wangu walipungua nilipoanza kutumia jivu. Meneja aliniita akanionya. Safari hii nikakataa, na wala halikutokea lolote baya. Alinung'unika, akanywa chai yake. Ndivyo ingekuwa hata mara ya kwanza. Hilo nalo huwa linanikera nikilikumbuka.

Nilikwenda Mitundu mwaka jana. Nilimkuta anapepeta mtama uani, amekonda, lakini mikono bado ni ile. Nikapiga goti kidogo kama tulivyolelewa, nikamwamkia kwa Kinyaturu. Akaniitikia, "Marahaba. Karibu kiti." Akaagiza nichinjiwe kuku. Alinipa paja, alinipa maji ya kunawa, alinitendea yote anayotendewa mgeni. Akaniuliza habari za mjini, bei ya mafuta, hali ya barabara. Kila nilipomgeuzia Kinyaturu, alingoja nimalize, akanijibu kwa Kiswahili safi.

Jirani yake, mtu wa kule, akaja kuazima jembe. Akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mzee Ntandu, huyu ni ndugu yako? Mbona pua zimetoka kiwanda kimoja?"

Kaka aliendelea kupepeta.

"Ni mgeni wangu," alisema. "Alikuwa mtu wa bima."

Sikumsahihisha. Nilimaliza kula, nikaaga, akanisindikiza mpaka barabarani kama desturi inavyotaka, akasimama mpaka nilipopata gari.

Kwa kuacha sentensi moja nilimpoteza kaka aliyeacha shule ili mimi nisome. Ni mzima, ana shamba, wajukuu wanamzunguka, na mimi ananisemesha Kiswahili.